Kijana wa Wino na Eda ya Mama

Siku hizi nachoka kabla siku yenyewe haijanichosha. Naamka nimechoka, naingia garini nimechoka, na barabara kuu inapoziba nakaa nikitazama taa nyekundu za magari ya mbele na kumshukuru Mungu kwamba hapo angalau hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Juzi nilifika nyumbani Ansab, hapa Maskati, nikavua viatu na kuvishika mkononi, nikasikia muziki unatoka chumbani kwa binti yangu. Kinanda kizito cha kutisha watoto, halafu kengele, halafu kicheko. Nilisimama ukumbini na viatu vyangu mkononi, sijui naenda wapi.

Alikuwa ameupakua kwenye tableti yake. Ni mchezo ule ule wa utotoni mwangu, wameupaka rangi upya na kuusafisha sauti. "Mama, unaujua huu?" akaniuliza. Nikamwambia naujua. "Uliumaliza?" Nikamwambia aende akaoge. Kuna maswali ambayo mtu aliyetoka kazini hawezi kuyajibu kabla hajaketi, na lile hata nilipoketi sikuliweza.

Nyinyi mliokua wakati mmoja nami mnazikumbuka mashine zile za michezo, za kijivu, zilizochomekwa nyuma ya televisheni. Ukiiwasha, kile kisahani cha mchezo kinazunguka kwa kelele, kama kuna mtu anasaga kahawa ndani yake, na baada ya muda inatoa harufu ya vumbi linalopata moto. Harufu hiyo kwangu ndiyo harufu ya sebule yetu ya zamani, mtaa wa Mawaleh. Mapazia mazito, zulia jekundu lenye doa la chai, na mimi miguu imekunjwa, uso karibu mno na kioo, na mtu jikoni ananipigia kelele nirudi nyuma nisiharibu macho.

Mchezo wenyewe ulikuwa kitabu cha katuni ambacho mtu anaingia ndani yake. Kila ukurasa umegawanywa visanduku, na shujaa, mtoto wa kiume mwenye kinyago na joho, anaruka kutoka kisanduku hiki hadi kile. Mimi na baba tulimwita Kijana wa Wino, kwa sababu kiunoni alining'iniza kichupa cha wino na mkononi alishika brashi. Mji wake ulikuwa umevamiwa na vivuli. Vivuli viliishi katika ile mistari myeupe inayotenga visanduku, na ukichelewa kuruka vinakudaka mguu. Vilikuwa vimewaiba watu wa mji mmoja mmoja, na pale alipokuwa mtu pakabaki umbo jeupe tupu, lenye mstari mweusi pembeni, bila uso. Kazi ya Kijana wa Wino ilikuwa kupigana na vivuli, kuukamilisha ukurasa, na kumrudishia mtu rangi zake. Mtu akipata rangi anapepesa macho, anajishika kifua, na anarudi kwao.

Baba ndiye aliyeununua, huko Ruwi madukani, katika duka moja lililojaa mpaka kwenye ngazi. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza na mimi nilikuwa sijajua kusoma vizuri hata Kiarabu, basi akinisomea yeye, na najua sasa kwamba mengi aliyatunga. Alikuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta, huko jangwani. Anakwenda, anakaa wiki kadhaa, anarudi. Hivyo ndivyo nilivyomjua tangu nimezaliwa. Baba ni mtu wa kuondoka na begi la bluu na kurudi na begi la bluu, ndevu zimerefuka, na mama anakwenda kufukiza udi na kubadilisha nguo kabla hajafika mlangoni. Kuondoka kwake hakukuwahi kunitia hofu. Nililia zaidi nilipong'olewa jino.

Siku alipofariki mimi sikuona kitu. Alikufa hukohuko kazini, ghafla, moyo. Walinichukua asubuhi wakanipeleka kwa jirani, nikala biskuti siku nzima mpaka nikatapika, na niliporudi nyumba ilikuwa imejaa wanawake na viatu. Wakaniambia baba amekwenda kwa Mungu. Wengine wakasema ametangulia. Nikasema sawa. Hakuna aliyekaa nami kunifafanulia, na siwalaumu, kwa maana nimezika watu tangu wakati huo na najua mtu hapati nguvu ya kumfafanulia yeyote. Nilichokielewa ni kwamba safari hii kaenda mbali kidogo.

Kisha mama akaingia eda.

Waliotoka nyumba kama zetu wanajua, lakini nitasema kwa ajili ya wengine. Mwanamke akifiwa na mumewe anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura. Haonekani na mwanamume asiyekuwa maharimu yake, yaani ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa. Hajipambi, hatii wanja, hatii hina, hajifukizi. Mama yangu, ambaye alikuwa akinukia asumini tangu chumbani hadi getini, alivua bangili zote akavaa nguo nyeupe zisizo na hata ua moja. Bibi, mama yake mzazi, akahamia kwetu kumtunza. Bibi alikuwa amezaliwa Unguja, mtu mfupi, mwenye ulimi, asiyeogopa mtu.

Sasa fikirini mtoto wa miaka saba anayaona haya. Mama kawa mweupe mzima. Hatakiwi kuonekana. Anakaa ndani anasubiri. Kila mwanamke anayeingia anamwuliza bibi kwa sauti ya chini, "Bado siku ngapi?" na bibi anamjibu, na yule anasema, "Inshaallah zitakwisha kwa salama." Zitakwisha, halafu iweje? Hilo hakuna aliyelisema mbele yangu, kwa sababu kila mtu alilijua. Mimi nami nikaona ninalijua. Mtu anasubiri siku ziishe kwa sababu zikiisha kuna anayekuja. Na nani tena angekuja nyumbani kwetu, kama si yule ambaye sikuzote alikuja?

Nilikuwa na ushahidi. Katikati ya mchezo ule kuna ukurasa wa mwanamke aliyejifungia. Amekaa peke yake katika nyumba ndefu yenye madirisha mengi, mumewe ameibiwa na vivuli, na umbo lake jeupe limebaki nje kizingitini, mkono umeinuliwa kama anataka kubisha hodi. Vivuli vinazunguka nyumba vikichungulia. Kimoja kikimwona tu yule mwanamke, ukurasa unafutika na unaanza upya. Kijana wa Wino anatakiwa kukimbia dirisha hadi dirisha, kufunga, kuziba, kupaka, mpaka kengele ya mnara ilie. Kengele ikilia, vivuli vinayeyuka, umbo la kizingitini linapata rangi, na mwanamume anaingia kwake. Baba aliwahi kunionyesha mara moja. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuweza, mikono yangu ilikuwa midogo na mizito.

Basi nikajipa kazi. Niliyabana mapazia ya nyumba nzima kwa vibanio vya nguo. Nilijitengenezea kinyago cha kartoni ya mayai, nikafunga kanga ya bibi shingoni, na nikashika doria. Siku AC ya sebuleni ilipokufa, katika joto lile la Maskati ambalo hata kuta zinatoka jasho, ikabidi fundi aitwe. Mama akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Fundi, Mhindi mmoja mpole mwenye ngazi begani, akanikuta nimesimama ukumbini nimetanua miguu, brashi ya kupakia rangi mkononi.

"Hupiti!" nikamwambia kwa Kiarabu.

Fundi akamtazama bibi. Bibi akanitazama mimi. "Astaghfirullah, mtoto huyu," akasema. "Muache baba wa watu atengeneze, sote tutakufa na joto humu. Mamaako yumo ndani, haonekani."

"Asichungulie lakini."

"Hachungulii. Ana shughuli zake."

Nilimsimamia mpaka akamaliza. Akipanda ngazi nasogea, akishuka nasogea. Alipoondoka alinipigia saluti, na nikaipokea. Bibi alimsimulia mama kupitia mlangoni huku anacheka mpaka anakohoa, na nikasikia mama naye kacheka kidogo, sauti kavu, kama kitu kilichosahauliwa kabatini.

Sijui hasa lini mama alianza kucheza. Nadhani ilikuwa asubuhi nikiwa shule. Siku moja nilirudi nikawasha mashine nikakuta Kijana wa Wino hayuko pale nilipomwacha. Amevuka ukurasa wa makaburi, amevuka wa kiwanda cha sanamu, ana kichupa kikubwa zaidi. Nilidhani ni miujiza. Siku ya pili nikajifanya naumwa tumbo, nikabaki nyumbani, na baada ya chai nikamwona mama anaketi chini kwenye zulia na nguo zake nyeupe, anaokota ule mkono wa kuchezea, na vidole vyake vinakwenda haraka kuliko nilivyowahi kuona vidole vikienda. Uso wake haukuonyesha kitu. Alicheza kama mtu anayechambua mchele.

"Mama! Unaweza!"

"Shh," akasema. "Kaa. Nishikie maji."

Tangu siku ile tukacheza wote. Yeye anakimbia, mimi napiga kelele za kumwonya. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, na sioni aibu kuisema. Baba alikuwa njiani na mama alikuwa upande wangu.

Shangazi yangu, dada yake baba, alitukuta hivyo siku moja. Alikuwa mtu mwema lakini msiba ulimfanya mkali. Alisimama mlangoni na sahani ya mkate wa kumimina, akaangalia televisheni, ambako kivuli chenye meno kilikuwa kinakimbizana na mama.

"Wallahi siamini macho yangu," akasema. "Kakaangu hata mchanga wa kaburi haujakauka, na mkewe yumo edani anacheza michezo ya watoto. Watu watasemaje?"

Mama aliuweka ule mkono wa kuchezea chini taratibu na Kijana wa Wino akaliwa. Bibi ndiye aliyejibu, anatoka jikoni anajifuta mikono.

"Watu gani? Huku ndani n'naona mie na wewe tu. Eda imekataza manukato, imekataza wanja, imekataza kutoka. Mashine sikuisikia kutajwa."

"Si hivyo, bibi. Ni heshima."

"Heshima anayo. Usingizi ndio hana. Tangu msiba mwanangu halali, hali, haongei. Hapo akiketi na kile kidude angalau n'naona anapumua. Hebu nipe huo mkate, usisimame hivyo mwisho ukauangusha zuliani."

Shangazi alikaa, akanywa chai, na kabla hajaondoka alilia sana mabegani mwa mama. Mimi nilimwonea huruma, kwa sababu niliona hajui kwamba mambo yanakwenda vizuri. Nilitaka kumwambia asilie, tumebakiza kurasa chache.

Mwisho tukafika kwenye nyumba ya madirisha. Mama aliucheza ukurasa ule kwa ufundi ambao baba mwenyewe hakuwa nao. Aliziba dirisha la mwisho, vivuli vikapiga mayowe, mnara ukaonekana, na mshale wa saa yake umebakiza kidogo tu ufike juu. Mimi nimesimama, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akanyoosha mkono akaizima mashine.

Kioo kikawa cheusi. Nililia, nikauliza kwa nini, akasema amechoka, tutacheza kesho. Kesho yake akacheza tena, akaizima palepale. Na siku nyingine tena. Nilifikiri sana, kama watoto wanavyofikiri, nikapata jibu la kunitosha: siku hazijaisha. Hawezi kumfungulia mlango kabla eda haijatimia. Nikaacha kulia, nikamheshimu zaidi. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilimwuliza kwa nini alikuwa akiizima pale. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "N'lichoka, mwanangu. Kila mtu alikuwa akiniambia Mungu atanipa subira. N'likuwa nnayo subira. Nguvu ndizo sikuwa nazo." Akaendelea kukunja.

Siku ya kutoka eda ilipofika, nyumba iliamka mapema. Bibi alimkogesha mama, na wanawake wakaleta nguo mpya, ya rangi, njano yenye maua mekundu, na bangili zake zikatolewa kwenye mfuko. Chetezo kikawaka, udi ukajaa ukumbini. Jikoni biriani inapikwa kwa ajili ya kisomo cha khitma, halwa imefika, mabusati yametandikwa uani. Mtu aliyekulia nyumba ile angesema nini? Udi ule, nguo ile, chakula kile, ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila baba akirudi, ila leo kimekuwa kikubwa zaidi kwa sababu kakaa sana. Nilipomwona mama katoka chumbani na rangi zake zote, nilijua imebaki kitu kimoja.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Niliingia sebuleni, nikawasha mashine, nikapunguza sauti. Nilicheza ukurasa ule nikaanguka, nikacheza nikaanguka, mikono inateleza kwa jasho. Halafu, sijui vipi, dirisha la mwisho likafungika. Kengele ikalia. Yule mwanamume wa kizingitini akajaa rangi kuanzia viatuni: suruali ya kahawia, koti, mikono, na mwisho uso, uso wa kawaida kabisa, wenye sharubu. Akabisha hodi. Mwanamke akafungua.

Sikungoja kuona zaidi. Nilikimbia kwenye kabati la ukumbini nikachukua makubazi ya baba, nikatoka nayo mpaka getini, nikayapanga vizuri, vidole vikielekea ndani, ili akifika avae moja kwa moja. Nikakaa chini pembeni yake.

Jua lilikuwa limeshapanda. Wageni wakaanza kuingia, wananibusu, wananiuliza mbona niko nje, nawaambia namngoja mtu. Wanapita. Mmoja alitaka kuyaondoa yale makubazi njiani na nikamzomea. Nadhani ndiye aliyekwenda kusema ndani.

Mama akatoka. Mlango wa nyumba na geti ni hatua chache tu, lakini alizitembea polepole, mkono mmoja machoni, kwa sababu tangu baba afe alikuwa hajalikanyaga jua. Kanga imemfunika kichwa, bangili zinalia. Aliyaona makubazi, akasimama.

"Unamngoja nani?" akaniuliza, na najua sasa kwamba alishajua.

"Baba. Eda imekwisha." Nikaona hajaelewa. "Nimemaliza ule ukurasa. Nimeumaliza mwenyewe. Keshaingia ndani."

Mama alishuka chini akaketi kwenye saruji, na nguo yake mpya, jambo ambalo bibi angelipigia kelele. Aliniweka mapajani ingawa nilikuwa mkubwa.

"Miezi yote hii," akasema, "umekaa unamngoja?"

"Si sote tunamngoja?"

Alinigeuza uso tutazamane. Macho yake yalikuwa na wanja kwa mara ya kwanza tangu msiba, na ulianza kuharibika.

"Hatorudi, mamaangu," akasema. "Baba amekufa. Amekufa, wamemzika, na hatorudi tena. Eda si ya kumngoja arudi. Siku zikiisha, zimeisha tu. Mtu anakoga, anavaa, anapika. Basi."

"Mbona umevaa nzuri?"

"Nimeambiwa nivae."

Nililia hapo, ndipo nilipomlilia baba kwa mara ya kwanza. Nililia kwa hasira, nikampiga begani, nikamwambia alijua na hakuniambia, na yeye akaniacha nimpige. Sijawahi tangu siku ile kuhisi kitu kizito kama kile, na nimeshapata mazito. Hakuninyamazisha. Alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo njia nzima, akafika, akaambiwa kuna mwingine umebaki garini.

Niliponyamaza mwenyewe aliniambia, mdomo wake kwenye nywele zangu, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mtu mwingine yeyote: "Hata mie n'namngoja. N'najua kafa, na n'namngoja. Likipita gari nageuza shingo. Sijui lini hali hii itaniacha."

Bibi akaita kutoka mlangoni, khitma inaanza, watu wamekaa. "Tunakuja," mama akamjibu, na akafanya kama anataka kuinuka. Pale pale gari jeupe likakata kona likaingia mtaani kwetu, linakuja taratibu, jua limekipiga kioo cha mbele hata humwoni dereva. Mama alinishika mkono. Hatukuinuka, si yeye si mimi, mpaka liliposimama, likazimwa, na tukaona kashuka mgeni wa khitma.